Nywele za Bibi Semeni

Zama hizo, wajukuu zangu, hindi lilikuwa na kipara. Lilijifunga maganda yake kotekote, halafu kileleni mwa mmea kikachanua kishada kilichomwaga unga wa njano, ndio tunaouita chavua. Upepo uliibeba chavua, ukaipiga kwenye maganda, ikakosa pa kuingilia, ikaanguka chini ikaliwa na mchwa. Ukimenya hindi, unakutana na gunzi tupu.

Wanakijiji walichoka. Wakakubaliana kwamba msimu ule ukipita tena bila punje, mahindi yote yang'olewe wapewe mbuzi. Aliyeumia kuliko wote ni Bibi Semeni, msusi wa kijiji, mwanamke wa maneno mengi na mkono mwepesi. Aliyapenda mahindi yake mno, akawa anayasalimia kila akipita.

Asubuhi moja alifunua hindi changa taratibu, akachungulia. Moyo ulimruka kwa furaha. Kwenye gunzi lile palikuwa na vishanga vidogo vyeupe, vimejipanga mistari kwa mistari, vinangoja!

"Kumbe mpo!" alisema. "Mnachokosa ni wa kuwaletea chavua tu."

Basi Bibi Semeni alikuwa na nywele nyeupe, laini, zilizofika kiunoni. Alizionea fahari waziwazi, na ole wake mtoto azivute. Alizichana taratibu kwa mara ya mwisho. Kisha akachukua kisu akazikata zote. Kila kishanga akakifungia unywele mmoja, akaupitisha chini ya maganda hadi nje, na ncha zake akazipaka mafuta ya nyonyo ili chavua ikipita inase.

Akiwa katikati ya kazi, jirani yake Mwanaidi akapiga hodi ukingoni mwa shamba.

"Shikamoo, Bibi. Yarabi! Kichwa kimekuwaje?"

"Marahaba, mwanangu. Nimemgawia mwenye kipara. Kaa hapo unipe habari za harusi ya jana."

Mwanaidi akaeleza jinsi bwana harusi alivyokalia sinia la pilau akiwa amevaa kanzu yake mpya. Bibi Semeni alicheka mpaka machozi yakamtoka, na vidole vyake vikaruka vishanga vitatu vinne bila yeye kujua.

Upepo ulipovuma, chavua ikanasa. Kila chembe ikashuka kupitia unywele wake hadi kwenye kishanga chake, na kishanga kikavimba kikawa punje. Siku ya kulimenya hindi lile, kijiji kizima kilipiga vigelegele. Lilijaa tele, isipokuwa pale Mwanaidi alipofikia kwenye pilau, ambapo palikuwa na mapengo. Bibi Semeni alicheza akijipapasa kipara chake. Punje zile zikapandwa, na kwa kuwa mbegu hurithi tabia za mzazi wake, mahindi yote yaliyoota yalitoa nywele.

Na tangu siku hiyo kila punje ina unywele wake mmoja, na kishanga ambacho chavua haikukifikia huacha pengo. Ndiyo maana mama akikukuta shambani unang'oa nywele za hindi changa ukamsuke mtoto wako wa bandia, hukupigia kelele hadi mtaa wa pili. Kila unywele uliomo mkononi mwako ni punje moja ambayo haitazaliwa.