Fisi na Ute wa Chura

Jamani, ngano imefika mlangoni.

— Ifungulieni, iingie na uongo wake.

Miguu yake ina matope.

— Na ipite hivyo hivyo.

Hapo kale Fisi alikuwa na kidonda pajani. Kilinuka hata nzi wenyewe walikizunguka kwa mbali. Dawa alikuwa nayo, unga aliopewa na Kobe, tabibu wa mwituni, lakini aliutumia atakavyo. Akikohoa, anaulamba. Akipiga chafya, anaulamba. Akipata nafuu, anauacha. Vijidudu vya kidonda vikauzoea kabisa, vikawa vinausonga ugali.

Kobe akamwambia kwamba unga wake umeshindwa. Labda amwombe Chura, anayeishi kwenye maji yaliyooza na ngozi yake haijaoza hata siku moja. Ute wa ngozi ile huviua vijidudu. Tone tu, kidondani.

Chechemea, chechemea, Fisi akafika bwawani. Chura alikuwa ukingoni akiota jua. Kwapu! Akamkamata. Hakuomba tone. Alisema atammeza mzima mzima, dawa yote iwe yake.

Chura akasema taratibu, "Nimeze, mjomba. Ila tumbo lako litausaga ute wangu kama linavyosaga nyama. Hicho kidonda kimehamia tumboni lini?"

Fisi akajitazama. Kweli, kilikuwa pajani.

"Basi utoe hapa hapa. Wote."

"Hutoka nikiminywa, mjomba. Ukiminya kidogo, utapata kidogo."

Nani amwambie Fisi habari za kidogo? Akaminya. Ute ukatoka, tii. Akaminya zaidi. Ute ukazidi, tiii. Chura akamnong'oneza kwamba mgongoni umebaki mwingi. Fisi akakusanya nguvu zake zote, akaminya kwa mikono miwili. Chura akachomoka, fyuuu, chubwi, majini.

Fisi akabaki na viganja vinavyometameta. Dawa tele, ya kupaka paja zima.

"Sasa paka, mjomba," Chura akamwambia kutoka majini.

"Umenidanganya mara moja, inatosha," Fisi akajibu. Akavilamba viganja, hiki na hiki, mpaka vikakauka.

Ngano yangu imeishia ukingoni, aliyelowa ajikaushe.

Funzo lake ni hili: ukiumwa paja, tibu tumbo kwanza. Na mwenye dawa akikuelekeza, usimsikilize, maana huyo anataka kukuponya tu.