Chungu Kisichosema Uongo

Sogeeni, ngano inaingia. Asiyetaka kusikiliza akaoshe vyombo.

Zimwi lilimla mume wa Bi Mwanatumu, kisha likahamia nyumbani kwake. "Mjane, nipikie!" Liliogopa sumu, kwa hiyo lilikuja na chungu cha uchawi kisichojua uongo.

Jioni ya kwanza alipika ndizi.

"Chungu, ametia nini?"

"Ndizi, nazi na chumvi."

Zimwi likala.

Jioni ya pili alipika magimbi.

"Chungu, ametia nini?"

"Magimbi, nazi na chumvi."

Likala, likacheua.

Jioni ya tatu aling'oa muhogo mchungu, ule ambao wakulima huuloweka na kuuanika kwanza, maana bila hivyo unaua. Yeye aliumenya akaupika papo hapo.

"Chungu, ametia nini?"

"Muhogo, nazi na chumvi."

Zimwi halikuwahi kushika jembe. Likala wote, likalamba na mwiko.

Punde likawa linagaagaa sakafuni. "Shemeji, maji!"

"Leo mimi shemeji? Mume wangu alikuomba nini?"

"Nimwache."

"Ulimwacha?"

Bi Mwanatumu akavuta kibao, akaketi na mtungi wa maji mapajani, akalitazama mpaka likatulia.

Ngano yangu imefika mwisho. Msiniulize kama alilihurumia.