Kaburi Lililongoja Utani

"Kaka, mwite mtani!"

"Thubutu! Hao wa ng'ambo si ndio waliomuua baba?"

Ndivyo walivyogombana Sikudhani na kaka yake Mbelwa, enyi mnaonisikiliza. Kabla ya vita, watu wa pande mbili za mto walizikana kwa utani: mtani asipomkejeli marehemu, kaburi halifungi.

Mbelwa akazika bila mtani. Kaburi likamtema baba. Akazika tena, likamtema. Akazika mara ya tatu, likamtema mpaka uani kwake.

Ndipo akavuka mto, akabisha kwa Bibi Nasemba, mtani wa baba.

"Bibi, njoo umcheke baba apate kulala."

Bibi akasimama mlangoni, akasema, "Wanangu watatu mliowaua hawajalala mpaka leo. Nani kwenu alikuja kuwacheka?"