Zimwi Lililotaka Kunywa Nyota

Mliokaa, mmekaa?

Tumekaa!

Na mlango, umefungwa?

Umefungwa!

Basi sogeleaneni, maana ninayemleta leo hapendi kuona watu wamebanana.

Hapo kale, bibi yake bibi yangu hajaota hata jino, palikuwa na kijiji cha wafua chuma. Kutwa moto, kutwa jasho. Magharibi ikiingia, nyota moja ilichomoza juu ya kilima, nyeupe yenye buluu ndani yake. Wao wakasema lile ni tone la maji baridi. Basi kila jioni walitoka uani, wakainua mikono miwili, wakafumbua vinywa, wakaimba:

Maji ya juu, shuka,
tupoze, tupoze, shuka.

Watu wazima na ndevu zao, midomo wazi. Msicheke, nanyi mna yenu.

Miongoni mwao alikuwapo Nambua, mjane, kazi yake kuvukuta mivukuto, ile mifuko ya kupulizia moto wa tanuri. Alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, jina lake Tabu. Hakuwa na mwingine.

Sasa, huko msituni lilikuwako zimwi lenye kiu. Lilikunywa mto, ukakauka. Likanywa kisima, kikakauka. Likanywa ziwa zima, samaki wakabaki kutapatapa kwenye tope. Kiu iko palepale. Siku hiyo likausikia wimbo wa maji.

Wimbo haujaisha, ardhi ikatetema. Ndu, ndu, ndu. Watu wakatawanyika, kila mtu na njia yake. Mzee Mbelwa, mwanzishaji wa wimbo wenyewe, ndiye aliyetangulia kuingia uvunguni. Tabu alikimbia, akajikwaa. Zimwi likamwokota, likambana kwapani.

"Nani alikuwa anaita maji?"

Nambua alibaki peke yake uani. Miguu ilitaka kukimbia, lakini mwanawe yuko kule juu.

"Ni sisi, bwana mkubwa."

"Nalitaka lile tone. Nisipolipata, namnywa huyu. Damu ya mtoto ina ubaridi wake."

Nambua akainua macho kutafuta la kusema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuitazama ile nyota bila kuimba. Nyota nyekundu iliyokuwa jirani yake ilififia kama kaa linalozimika. Lakini hii nyeupe, rangi yake aliijua. Aliwahi kuiona tanurini, siku makaa yalipovukutwa kupita kiasi na chuma kikaanza kuyeyuka. Miaka yote hiyo walikuwa wanauomba moto uwashukie.

Hakumwambia mtu. Angemwambia nani, wote wako uvunguni.

"Tone hilo hupokewa kwa koleo, bwana, mle bandani kwenye tanuri," akasema. "Nisubiri mlangoni."

Akaingia, akatia chuma kwenye makaa, akashika mivukuto. Vuu, vuu, vuu. Akatoa chuma. Chekundu.

Zimwi likaruka nyuma. "Huo moto. Nyekundu imeshaniunguza, naijua. Unanichezea?" Likabana kwapa. Tabu akalia.

"Halijashuka bado, bwana." Vuu, vuu, vuu. Akatoa chuma. Cha manjano.

"Huo nao moto, mtoto wa ule wa kwanza." Likabana tena. Safari hii Tabu alilia kwa sauti ndogo.

Nambua akavukuta mpaka mabega yakawaka maumivu. Vuu, vuu, vuu. Jamani, na mkono wa mtu una mwisho wake. Kutoka mlangoni hakusikia tena kilio. Akavukuta hivyo hivyo, machozi yanamtiririka, hata makaa yakaacha wekundu, yakaacha manjano, yakaanza kuumiza macho. Akatoa chuma. Cheupe, kinadondoka, na mwanga wake una buluu ndani.

Zimwi likatazama chuma. Likatazama nyota. Likalamba midomo.

"Hilo ndilo. Lete."

"Halinywewi hivyo, bwana. Wewe si ulituona? Mikono miwili juu, kinywa wazi."

Zimwi likasita. Likamtazama Nambua; Nambua akalisogeza koleo mbele. Kisha kiu ikalishinda. Likainua mikono miwili, Tabu akaanguka chini pu, kinywa kikafumbuka.

Nambua akatupa.

Mlio huo sitauigiza, msije mkakosa usingizi. Zimwi likaungua kuanzia ndani, na palipopambazuka palikuwa na majivu mlangoni.

Nambua hakungoja kuliona likifa. Alimnyanyua mwanawe, akamtikisa, akamwita. Kimya. Akamwita tena. Kimya. Mara ya tatu Tabu akavuta pumzi, akakohoa, akamng'ang'ania mama yake shingoni.

Watu wakaanza kutoka uvunguni mmoja mmoja. Mzee Mbelwa akajifuta vumbi, akakohoa kidogo, akainua mikono ili aushukuru mwanga wa juu.

"Shusha mikono, baba," Nambua akamwambia. "Na ufumbe mdomo. Ule ni moto mkali kuliko huu wa tanuri."

Mzee akashusha mikono, polepole. Wote wakatazama juu.

"Mama," Tabu akanong'ona, "utatushukia?"

"Uko mbali, mwanangu."

"Mbali kiasi gani?"

Nambua akainuka. Alimbeba mwanawe ndani, akafunga mlango, akaegemeza mgongo wake hapo.

Nami hapa naishusha hadithi, ilikuwa nzito. Aliyeipenda aichukue, aliyeiogopa alale katikati ya wenzake.