Betri Chini ya Kitanda cha Mkwe

Hapo zamani, katikati ya mwezi wa Aprili, Namalwa alijifungua mtoto wa kike, na kabla wiki haijaisha trekta lilivuta tela la kulala hadi uani kwa mumewe, Kundu.

Tela lilikuwa la rafiki yake Kundu, mtu anayewapeleka wageni kupiga kambi mlima Elgon. Ndani mlikuwa na kitanda, taa, redio na feni, na juu ya paa paneli ya sola. Kundu aliliazima kwa sababu moja. Mtoto alizaliwa mdogo na hakujua kunyonya, na Namalwa alimtaka mama yake. Lakini kwa Wabukusu mama mkwe halali nyumbani mwa mkwewe. Hawapeani mikono, hawakai chumba kimoja, na wakikutana njiani mmoja hupinda kando.

"Tela si nyumba," Kundu alimwambia mkewe. "Nyumba haina magurudumu."

Neno likapelekwa kwa mama, Mayi Nakhumicha. Mayi alifikiri, akauliza wazee wake, akaja. Alilizunguka tela, akapiga gurudumu teke, kisha akasema kwa sauti iliyosikika hadi zizini, huku akimtazama bintiye.

"Mwambie mkwe nimekubali. Ila mwambie vilevile, gizani silali. Mwenye tela amekataza moto humu ndani, na stima kijijini kwenu haijafika. Basi taa ikizimika usiku, asubuhi yake narudi kwangu."

"Kuna tochi, Mayi."

"Tochi ni ya mtu aliyepoteza kitu. Mimi nimepoteza nini?"

Mwenye tela alikuwa amebaki na betri zake. Kundu alikwenda kwa fundi wa malori akarudi na betri mpya.

"Hii inawasha lori lenye mahindi hadi juu," alisema. "Itashindwa na taa?"

Taa iliwaka, Mayi alikaa. Mtoto akaanza kushika titi. Mayi alisikiliza habari, nyimbo za injili, matangazo ya vifo, na feni ikizunguka. Baada ya siku chache taa ikawa ya njano, ikawa nyekundu, ikafa. Asubuhi Mayi alifunga kikapu. Namalwa alilia, na mtoto naye akaliacha titi akalia.

Mayi akafungua kikapu. "Mwambie mkwe hii nimesamehe. Msamaha mwingine sina."

Kundu akaipakia ile betri kwenye toroli, akaenda soko la Chwele, kwenye duka la sola la mwanamke aitwaye Nabwile. Nabwile alikuwa na sauti ya mnadani.

"Niuzie kama hii, lakini kubwa zaidi," Kundu alisema.

"Sikuuzii."

"Pesa hizi hapa."

"Naziona. Sikuuzii. Betri ya lori ni mkimbiaji wa mbio fupi. Inapiga injini mara moja, halafu injini yenyewe inailisha. Wewe umeituma kubeba maji kutwa kucha, ukaikausha mpaka chini. Umeiua ikiwa changa. Unataka betri ya sola. Vyuma vyake vya ndani ni vinene, inatoa polepole, na kila siku inarudia. Na hata hiyo, ikifika nusu, iache ijazwe na jua kwanza. Sasa niambie, mama mkwe anawasha nini, na kwa muda gani?"

Kundu hakujua. Mkwe haulizwi. Alimpigia Namalwa simu, Namalwa akauliza, majibu yakarudi kwa njia hiyohiyo.

"Mayi, anauliza redio unaisikiliza muda gani."

"Mwambie tangu lini mkwe akapima masikio yangu."

Baada ya majadiliano, Mayi alitaja taa, redio, feni na simu. Nabwile akapiga hesabu kwenye kiganja.

"Utahitaji mbili. Za aina moja, umri mmoja. Ukifunga nzee na mpya pamoja, nzee inainyonya mpya. Kuna zilizozibwa, na kuna za kuongezwa maji. Zilizozibwa hazikupi kazi ya kuzitunza, lakini bei yake utalia."

Kundu hakuwa na bei ya zilizozibwa, wala ya zile nyingine. Alirudi nyumbani akauza kochi. Lilikuwa kochi la harusi, la maua, na mlango wa nyumba ulilazimika kung'olewa ili litoke. Jirani aliyelinunua alilikalia barazani kwake, mbele ya macho ya Kundu. Tangu siku hiyo wageni wa Kundu walikaa juu ya madebe.

Akanunua betri mbili za maji. Nabwile alimsindikiza hadi barabarani, akisema, "Ziweke nje ya chumba, kwenye sanduku lenye matundu. Zikichaji zinatoa hewa mbaya. Na uziangalie maji na vifungo."

Kundu aliogopa wezi. Mayi alipokuwa jikoni akimwogesha mtoto, aliingia ndani ya tela, akaziweka betri chini ya kitanda, akatoboa sakafu ili hewa itoke, akazifunga waya, akatoka mbio.

Jioni taa iliwaka, Mayi alikaa. Alipanda kitandani akalala. Ndipo Kundu, akiwa amekaa kwenye debe, alipotambua alichofanya. Kitanda anacholalia mama mkwe hakupaswa kukikaribia hata mara hiyo moja. Wala sasa hawezi kurudi kuchungulia chini yake.

Mvua ya Mei ikaja na mawingu. Taa ikawa ya njano. Kundu alisimama kando ya zizi, mgongo ameugeuzia tela.

"Namalwa, mwambie Mayi aangalie vifungo vya betri."

"Mayi, anasema uangalie vifungo vya betri."

"Mwambie nilikuja kulea mtoto, sikuja kuwa fundi."

Namalwa alikuwa na mshono wa uzazi, hakuweza kuinama. Kikapu cha Mayi kilikuwa tayari juu ya meza. Basi akaitwa dada yake Kundu, Nasike, aliyeolewa ng'ambo ya mto. Nasike alikuwa mwanamke wa mwili. Alikuja na spana, chupa ya maji ya betri, na simu ambayo Nabwile alikuwa akipiga kelele ndani yake.

"Mama, shuka kidogo nipite."

"Nikishuka baridi inaingia blanketini. Pita."

Nasike akapita. Alikwama mabegani, akapumua nje, akaingia. Nabwile alimwambia cha kushika na cha kutoshika. Kifungo kimoja kilikuwa kimelegea. Maji yalikuwa yameshuka. Na nyuma ya betri palikuwa na birika dogo la umeme wa betri, lenye joto bado.

"Mama, hili ni nini?"

"Ni birika."

"Linafanya nini huku?"

"Linapumzika."

"Ndilo linalokula taa yako."

"Mkwe amesema?"

"Mkwe hajui. Akijua atakufa kwa aibu, na mazishi ni gharama."

Nasike alikaza kifungo, akaongeza maji, akatoka na birika ndani ya leso. Kuanzia hapo chai ya Mayi ilichemshwa jikoni. Taa iliwaka, Mayi alikaa.

Alikaa hadi mtoto akapewa jina, akanenepa, akakaza shingo. Siku ya kuondoka Mayi alinunua jogoo, akachinjwa. Kwa kawaida firigisi ni ya mwenye boma, na hakuna anayeuliza. Safari hii Mayi aliuliza.

"Jogoo ni wangu. Firigisi ni ya aliyenifanya nikae. Semeni."

Kundu alisema kutoka nyuma ya jiko. "Mwambie Mayi wengine walitoa maneno na jasho. Mimi nilitoa kochi."

"Ulitoa kochi baada ya kuua betri," alisema Nabwile, ambaye alikuwa amealikwa. "Mimi nilikataa pesa iliyo mezani. Duka jingine wangemuuzia betri ya lori ya pili, na Mayi angekuwa kwake tangu Aprili. Na angenisikia akaziweka nje, hakuna mtu angetambaa."

"Lakini mtu alitambaa," alisema Nasike. "Kochi lilikuwa kwa jirani. Nabwile alikuwa kwenye simu. Chini ya kitanda nilikuwa peke yangu, na niliyoyaona huko sijayasema."

Mayi alikohoa.

"Aliona nini?" Kundu aliuliza.

"Waya," alisema Namalwa.

"Faida ya betri hizo nani aliila?" Kundu aliuliza tena. "Si Nabwile? Mwenye faida na firigisi juu?"

"Na kazi ya Nasike ni ya saa moja," alisema Nabwile.

"Ingia wewe kwa dakika moja," alisema Nasike.

Mayi aliiweka firigisi kwenye kisahani, akampa bintiye. "Wewe ndiye ambaye ungepoteza zaidi," alisema. "Wewe ndiye utakayegawa. Na isikatwe." Kisha akachukua kikapu chake.

Trekta lilifika adhuhuri, likafungwa tela. Namalwa alikuwa amesimama uani, mtoto mgongoni, kisahani mkononi. Kundu, Nabwile na Nasike walikuwa mbele yake.

Ninyi mliosikia, kisahani hicho amkabidhi nani? Je, nani alistahili?