Okidi ya Marehemu Sophia

Mtoto akiiona sindano hulia, na mzazi mwenye huruma isiyo na macho humpakata akatoka naye zahanati mbio kabla hajachomwa. Siku hiyo mtoto hunyamaza. Homa ikirudi, kilio huhamia kwa mwingine. Yalimfika haya Mzee Shamsudin, mshona kanzu wa mji mkongwe wa Bagamoyo, ingawa kilichomfika kilianzia kwenye ua.

Ua lenyewe lilikuwa okidi, la manjano lenye madoa ya hudhurungi kama ngozi ya chui. Mkewe, Sophia, alilitoa kwao Mkange, kwenye tawi la mti ulioangushwa na upepo. Alilifunga kwenye makumbi ya nazi akalining'iniza uani, penye hewa na jua la asubuhi. Hakulitia udongo hata chembe. Kila mwaka lilichanua, na Sophia alichomeka ua moja nyweleni, akapita mbele ya cherehani akijifanya hamwoni mumewe.

Sophia alipofariki, binti yao wa pekee, Wahida, aliyeolewa Pangani, alimpigia baba yake simu.

"Baba, dhahabu ya mama siitaki, wala kanga zake. Nikitoka arobaini ya uzazi nitakuja kuchukua kipande cha okidi yake. Nataka mwanangu amjue bibi yake kwa kitu kilicho hai."

"Litakungoja, mwanangu," Shamsudin aliahidi.

Hapo huruma ikaanza kazi. Aliona vibaya ua la marehemu kuning'inia kwenye makumbi kama ndege aliyenaswa mtegoni. Alilishusha, akalipanda katika chungu kipya, akashindilia udongo mweusi na samadi ya mbuzi. Kisha kila alipotawadha, kuanzia alfajiri hadi isha, maji yaliyobaki birikani aliyamimina chunguni. Yalikuwa maji ya udhu, maji ya heri. Nani amewahi kudhurika kwa heri?

Majani yakaanza kugeuka manjano. Akaongeza maji. Mashina yakalegea. Akaongeza maji. Uani kukazuka harufu kama ya muhogo uliovundikwa.

Ndipo akaja Mwanvita, mdogo wake Sophia, kutoka Mkange, na kikapu cha mananasi kichwani.

"Hodi! Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Karibu, mke wangu niliyebakiziwa."

"Thubutu! Mshona kanzu, na yako mwenyewe haina kifungo." Alicheka, kisha pua yake ikakunjamana. "Kuna kitu kimekufa humu?"

Alifuata harufu mpaka kwenye chungu. Alichimbua kwa kidole, akashika mzizi mmoja. Ngozi yake ilibambuka yote, ukabaki uzi mweusi. Mwanvita hakucheka tena.

"Umelizika, shemeji. Mizizi ya hili hutaka upepo. Hunywa mvua, kisha ikakauka. Wewe umeifukia, na kila swala unaizamisha. Lete kisu na moto. Kilichooza tukikate leo hii, labda tutaokoa nusu."

"Kisu?" Shamsudin alisimama kati yake na chungu. "Sophia alipasuliwa, Mwanvita. Nilitia sahihi kwa mkono huu, naye hakuamka. Ua lake siligusi kwa kisu."

"Dada alifikishwa amechelewa. Daktari alisema apasuliwe tangu mwanzo. Kila alipolia kwa hofu, wewe ulisema tungoje kidogo."

Shamsudin alinyoosha kidole mlangoni.

"Toka nyumbani kwangu."

Mwanvita aliinama akashika chungu. Shamsudin akakivuta. Wakavutana, watu wazima wawili, mpaka shina moja la pembeni likakatika likamwangukia Mwanvita miguuni. Aliliokota kabla mwenzake hajapumua.

"Hili kanipa Mungu."

Akaenda jikoni bila kukaribishwa. Alichoma kisu kwenye makaa mpaka kikawiva, akakata kila kilichokuwa cheusi, akapaka unga wa mdalasini kwenye majeraha, akalifunga shina kwenye kumbi kavu. Mlangoni, Shamsudin alikunja uso kana kwamba ni vidole vyake vinavyokatwa.

"Lipe japo tone la maji," alisihi.

"Kidonda chake kikauke kwanza. Na ninaondoka nalo. Nikiliacha hapa, utalinywesha kabla sijafika stendi."

Baada ya siku ile Shamsudin hakuwa na raha. Mchana mmoja alichukua mkasi wa cherehani, akaupitisha motoni, akauweka kwenye shina lililooza. Makali yalipogusa tu, shina lilitoa maji, yakatiririka polepole kama chozi. Alimwona Sophia kwenye kitanda cha magurudumu, akimwangalia.

"Kesho," alisema, akarudisha mkasi mezani.

Kesho ilikuja na kesho yake, wiki zikapita. Udhu uliendelea, na birika likaendelea kumwagwa chunguni. Kisha simu ikalia.

"Baba, tupo njiani, mimi na mjukuu wako. Tumeshakaribia mjini."

Shamsudin alikimbilia uani. Lazima palikuwa na kipande kizima, japo kimoja! Alikamata kichaka chote kwa mikono miwili, akavuta. Hakikumpinga. Kilitoka kama utambi ndani ya nta iliyoyeyuka, kikavunjikavunjika kiganjani, uji mweusi ukamchuruzikia mpaka kwenye mikono ya kanzu.

Alikuwa amesimama hivyo hivyo Wahida alipoingia, mtoto mgongoni. Binti alitazama chungu, akatazama mikono ya baba yake. Akavuta kanga akamkinga mtoto na ile harufu, na hilo lilimchoma mzee kuliko tusi.

Nyuma yake aliingia Mwanvita, ambaye Wahida alimpitia Mkange. Alibeba lile kumbi. Shina lilikuwa limekonda, limebaki na majani mawili yenye mikunjo. Lakini pale kisu kilipopita palichomoza mzizi mpya, mweupe, wenye ncha ya kijani kibichi kama tumbo la panzi.

Shamsudin alinyoosha mikono. "Lilete, Mwanvita. Safari hii nitajua."

Mwanvita aliitazama ile mikono iliyochafuka. Kisha akageuka, akalikabidhi kwa Wahida.

"Unisamehe, shemeji. Mkono wako bado una maji."

"Likizaa, nitakuletea kipande, baba," alisema Wahida taratibu, kwa sauti ile ya mtu anayembembeleza mtoto. "Sasa hivi hapana."

Mzee aliitika kwa kichwa. Akaketi kwenye kizingiti, birika tupu pembeni yake, akajifunika uso kwa ile mikono michafu. Kichanga mgongoni kwa mama yake kilikuwa macho, kimetulia tuli. Aliyelia siku ile, kwa kwikwi zilizosikika hadi barabarani, alikuwa babu yake, kwani mchelea mwana kulia hulia yeye.