Ukuta Ulipopoa

Wahenga waliosema kwamba kinga na kinga ndipo moto uwakapo walijua tabia ya kijinga cha moto kilichoachwa peke yake: hufuka moshi, hulegea, kisha huzimika. Wengi wetu huikumbuka methali hii siku ya mchango. Nesta Pritchard aliijua maana yake siku ambayo hofu ilimtoa nyumbani mwake bila viatu.

Nesta alikuwa mjane katika mji wa machimbo ya mawe, milimani Wales. Nyumba yake ilikuwa katika safu iliyojengwa zama za mababu, kuta zake jiwe tupu kutoka ndani hadi nje. Kuta za namna hiyo ni nene lakini hazina huruma. Mvua ikipiga, unyevu huingia, na joto lote hutoka kama maji katika pakacha. Nyumba ya mwisho wa safu, iliyopigwa na upepo kuliko zote, ilikuwa ya dada yake, Eirwen. Kati ya nyumba zao mbili palikuwa na ukuta mmoja tu, na meko yao yalipeana mgongo humo.

Watu wa safu ile walikuwa na desturi yao. Jioni mtu hugonga nyuma ya meko mara mbili kwa chuma cha kuchochea moto, maana yake niko salama, na jirani hujibu. Nesta na Eirwen waligongeana hivyo miaka yote, mpaka bei ya kupasha nyumba moto ilipopanda tena na Nesta akaenda kwa dada yake na shauri.

"Dada, tukae nyumba moja. Tuwashe moto mmoja."

"Ili unihesabie vijiko vya sukari? Mdogo wangu, kila mtu na moto wake."

"Haya, kaa nao! Usije ukanigongea."

Tangu hapo ukuta ukanyamaza. Nesta alinuna, lakini hakuwa mjinga. Alisogeza kiti chake akaegemeza mgongo ukutani, na mawe yalikuwa vuguvugu. "Jeuri yote ile, kumbe ananipasha bure," alijisemea, akacheka peke yake. Makaa yake yalipokaribia kwisha, akaacha kabisa kuwasha meko. Ya nini kujisumbua?

Kisha theluji ikaanguka ikaziba njia. Alasiri moja Nesta aliegemea ukuta kama kawaida, akaruka. Jiwe lilikuwa baridi kama kaburi.

Baba yao alikutwa amekufa katika nyumba ile ile ya mwisho, majira kama hayo, ameketi na kikombe cha chai mkononi. Nesta alinyakua chuma, akagonga mara mbili. Kimya. Akagonga tena kwa nguvu zaidi.

"Eirwen! Dada!"

Hakujibiwa. Alitoka na soksi zake, akaivuka theluji, akausukuma mlango. Ndani, pumzi yake ilionekana hewani, na ukuta wa nje ulikuwa umeota ukungu mweusi mpaka darini. Eirwen alikuwa kitini, amevaa koti na kofia, mgongo wake ameuegemeza kwenye ukuta ule ule. Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi, na hakutetemeka. Hilo ndilo lililomtisha Nesta zaidi, kwa maana watu wa nchi za baridi wanajua kwamba mwili ukiacha kutetemeka umeanza kukata tamaa.

"Amka, dada. Amka basi, unanitisha!"

Macho yalifunguka polepole. "Umekuja... Ukuta ulipoa, nikajua umekufa. Miguu ikagoma kuinuka."

"Mbona hukuwasha moto?"

"Wa nini? Wako ulikuwa unanitosha."

Hapo Nesta akaelewa. Kila mmoja alikuwa akiota moto wa mwenzake, na hapakuwa na moto. Walikuwa wakila akiba ya joto iliyobaki ndani ya mawe, na sasa imekwisha.

Alipiga simu. Gari la wagonjwa lingekuja, aliambiwa, ila si kabla ya njia kuzibuliwa. Amfunike mgonjwa, aipashe nyumba moto, asimwache. Mekoni mlikuwa na gogo moja lililoungua nusu. Aliliwasha, likafuka, likazimika. Aliwasha tena, likazimika tena, na machozi ya woga yakamtoka. Akakimbia kwake, akarudi na gogo lake mwenyewe na vumbi la makaa lililobaki ndooni. Aliyalaza magogo mawili ubavu kwa ubavu, akapuliza. Moshi, kisha mlio mdogo, kisha ndimi za moto.

Akajiingiza ndani ya blanketi, akamkumbatia dada yake mpaka alipomsikia anaanza kutetemeka. Hajawahi kufurahia jambo kama alivyofurahia mtetemeko ule.

"Unanibana," Eirwen alinong'ona. "Na miguu yako barafu."

"Nyamaza, jeuri wee. Ukipona unahamia kwangu."

"Na sukari yangu naja nayo."

Eirwen alipotoka hospitali, alihamia kweli. Jioni ya kwanza, kwa mazoea, Eirwen alichukua chuma akagonga nyuma ya meko mara mbili. Upande wa pili palikuwa patupu. Nesta, aliyeketi kando yake, alinyoosha mkono akagonga mara mbili kwenye kiti cha dada yake, na mbele yao magogo mawili yaliwaka. Hakika, kinga na kinga ndipo moto uwakapo.